Hatua za Mzee Koki

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kisigino cha buti la baba. Buti la kulia lilikuwa limelika upande wa nje, kama sabuni iliyosahauliwa majini, na la kushoto lilikuwa bado zima. Nilikuwa nimeyapiga ukutani ili matope yadondoke, nikayasimamisha pamoja kando ya mlango, na moja likaliegemea jingine kama mlevi anayesindikizwa nyumbani. Nikayatazama kwa muda. Mimi si mtu wa kusema.

Baba ni fundi wa valvu katika ofisi ya maji, hata leo. Watu wanamwita Mzee Koki. Maji ya mji mzima hupita chini ya miguu ya watu, nao hawana habari; wao hujua bomba la jikoni tu. Lakini chini ya lami kuna mabomba makubwa na madogo, yanagawanyika na kukutana tena, na kila baada ya umbali fulani pana valvu, yaani mlango wa chuma unaofunga na kufungua maji. Bomba likipasuka, lazima uupate mlango wake upesi. Na milango mingi haionekani. Barabara ziliwekwa lami juu yake, watu wakajenga vibaraza, wengine wakapanda maua.

Michoro ya zamani ilikuwepo ofisini. Nusu ililiwa na mchwa na nusu iliyobaki ilikuwa inadanganya, kwa sababu mchoraji alichora kabla bomba halijazikwa, na wachimbaji walipokutana na mwamba walipinda kona bila kumwambia mtu. Kwa hiyo mafundi wa valvu walishika hatua. Unasimama kwenye kona ya ukuta wa ghala, kisogo unakielekeza kwenye mnara wa tangi, unahesabu hatua sitini, unapiga mtaimbo chini. Chuma kikiitikia, umefika.

Baba alikuwa na sheria yake ya hatua. Kisigino hadi kisigino, mwendo wa mtu anayekwenda kazini mapema; si wa aliyechelewa, si wa mwenye njaa, wala si wa mwizi. Alipoachiwa kazi na fundi aliyemtangulia, alipima upya valvu zote kwa miguu yake mwenyewe. Alisema hatua za mtu hazirithiwi kama kofia.

Mimi niliacha shule ya msingi katikati, mama alipougua na nyumba ikakosa mikono. Mama alipopona, nilikuwa nawazidi wenzangu wa darasani kwa kichwa kizima, nikaona haya kurudi. Baba akaniambia, "Basi njoo uniandikie. Mimi na kalamu hatusikilizani." Nikanunuliwa daftari. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitembea nyuma yake, nikakanyaga alipokanyaga, nikahesabu moyoni alipohesabu, na mwaka haukuisha kabla hesabu yangu na yake hazijaanza kuishia kwenye namba moja. Wachimbaji wakanibandika jina la Kivuli. Lilinifaa. Kivuli hakiulizwi maswali.

Nimeona mambo mengi nyuma ya mgongo ule. Nimemwona baba akisimamisha ule ufunguo wake mrefu wa chuma juu ya valvu, akaweka sikio kwenye mpini kama daktari, watu wote wakanyamaza, kisha akasema, "Linavuja, nyumba ya nne, upande wa kulia." Wakaenda kuchimba nyumba ya nne upande wa kulia, wakakuta maji. Nilikuwa nikitembea mtaani naogopa kukanyaga kwa nguvu, nikijua kuna mto mzima unapita chini yangu gizani na kwamba mtu mmoja tu anajua unakokwenda, na mtu huyo ndiye anayeniambia nipunguze chumvi kwenye mboga.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, ngazi ya chemba moja ilikatika na baba akaanguka ndani. Aliumia nyonga. Daktari alisema mguu ukikataa kurudi sawa atafutiwe kazi ya kukaa, na Meneja wa ofisi ya maji akalisikia neno hilo. Baba alikaa nyumbani miezi mitatu. Aliporudi, alitembea mbele ya dirisha la Meneja kama askari kwenye gwaride, akamwambia kila aliyeuliza kwamba amepona kuliko alivyokuwa.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda kutafuta valvu ya nyuma ya duka la mikate. Daftari lilisema hatua arobaini. Baba alihesabu arobaini, akapiga mtaimbo. Udongo. Akarudi ukutani, akahesabu tena. Udongo. Akasimama akiutazama ule ukuta kana kwamba umemsogelea kwa hila.

"Kivuli," aliniambia kwa sauti ya chini, "mama yangu alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau sufuria, akamaliza kwa kunisahau mimi."

Mimi nilikuwa nimehesabu pia, nyuma yake, kwa miguu yangu. Yeye alipofika arobaini, mimi nilikuwa thelathini na tatu tu. Ndipo nikakumbuka kisigino cha buti. Hatua yake ilikuwa imefupika. Kichwa chake hakikuwa na kosa lolote, ni nyonga. Lakini ningemwambiaje? Kumwambia mguu haujapona ni kumpeleka kwenye kazi ya kukaa, na baba akikaa ananyauka. Kumwacha aamini kichwa kinaoza, nako ni kifo kingine. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Baba, nimesoma vibaya. Ni arobaini na nane."

Akaongeza hatua nane. Mtaimbo ukalia kang'. Akacheka mpaka akaegemea ule mtaimbo. "Hivi huko shuleni ulikuwa unafundishwa nini, kuimba?"

Jioni ile nilipima uani kwa kamba. Hatua tano za baba wa zamani zilikuwa sita za baba wa sasa. Basi kuanzia siku ile nikawa mkalimani. Nikimsomea namba kutoka daftarini, kwa kila tano nilimwongezea moja. Akinitajia namba ya valvu mpya niandike, kwa kila sita nilipunguza moja, ili daftari zima libaki katika hatua za zamani, zile zilizokuwa miguuni mwangu. Nilikuwa nadanganya kwenda na kurudi, kwa usahihi mkubwa. Miaka miwili. Madaftari yakawa matatu.

Kisha akaja Dada Ramani.

Alitumwa na makao makuu akiwa na begi mgongoni na kishikwambi mkononi, kile kioo kipana kama kitabu. Meneja alituita wote uani akatangaza kwamba ofisi yetu inahamia kwenye mfumo wa kidijitali, na kwamba baada ya miezi mitatu kila bomba na kila valvu itaonekana kwenye ramani ya kompyuta, mtu akiwa popote.

Mchimbaji wetu mkubwa, tunayemwita Sururu kwa sababu ya chombo chake, akanyoosha mkono. "Samahani bosi. Hiyo kompyuta itachimba pia, au itatuangalia tu kama wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Dada Ramani naye akacheka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. "Haichimbi, kaka," akamjibu. "Wala haijui lolote. Ni kama mgeni. Mnayoyajua nyinyi ndiyo nitakayoiambia. Mkiidanganya, itadanganyika, na itadanganya kwa kujiamini kuliko nyinyi."

Nikayaficha madaftari nyuma ya mgongo.

Aliniona nimejibanza karibu na pipa la taka, akaja akanishikisha kile kioo. Palikuwa na picha ya uwanja wetu kama unavyoonekana na ndege, na katikati nukta ya buluu ikipumua. "Huyo ni wewe," aliniambia. Nikasogea hatua moja. Nukta ikasogea. Nikasimama, ikasimama. Akanieleza kwamba vyombo vilivyoko juu angani, mbali kupita mawingu, ndivyo vinavyonipima. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna kitu chochote juu huko kinachojua nimesimama wapi, mbali na Mungu, na Yeye hakuwahi kunionyesha nukta.

Kazi ilikuwa hivi. Kona za kuta, nguzo na vizingiti ambavyo baba alianzia hesabu zake, Dada Ramani alivipima kwa kile chombo. Hatua zilizokuwa madaftarini, kompyuta ingezigeuza kuwa mita. Kwa hiyo ilihitaji kujua hatua moja ya Mzee Koki ina urefu gani. Akatandaza tepu ya kupimia uani, akamwomba baba atembee hatua ishirini.

Wote walikuwa wakitazama. Meneja alikuwa dirishani. Baba akatembea vizuri, ameinua kidevu. Mita kumi na mbili kamili.

"Sentimita sitini kwa hatua," akasema Dada Ramani, akaandika. "Mzee, unatembea kama mashine."

Baba akafurahi. Mimi nilikuwa nimeyakumbatia yale madaftari kifuani. Hapo ndipo ningesema. Lakini ningesema, Meneja angeuliza hatua zimefupika tangu lini, na kwa nini. Nikaenda kumfungulia daftari la kwanza.

Wiki mbili tulikaa, mimi na Dada Ramani, katika chumba cha stoo kilichofagiliwa kwa ajili yake. Mimi nasoma, yeye anaingiza. Valvu mia nne na kumi na moja. Sauti yangu haikuwahi kutumika kiasi hicho; siku ya tatu ilikauka akaniletea maji. "Mdogo wangu," aliniambia, "unasoma hizi namba kama unazijua kwa majina." Nilikuwa nazijua. Kila aliyoiingiza niliona nukta ndogo ikizaliwa kwenye kioo, kisha mstari ukaiunganisha na mwenzake, na polepole ukaanza kuonekana ule mji mwingine ulio chini ya mji. Nilikuwa nimetembea juu yake miaka sita nikiwa kipofu. Sasa ulikuwa unafunuliwa kama mtu anavyovuta shuka.

Ila ulikuwa umepinda. Mabomba yaliyotakiwa kwenda moja kwa moja yalijikunja kama matumbo ya kuku. Dada Ramani alikuna kichwa. "Hawa waliochimba walikuwa wamekunywa nini?"

Nikamsomea namba iliyofuata.

Wakajaribu ramani mahali pawili. Kote, Sururu alichimba pale kioo kiliposema, akakuta udongo mtupu. Mara ya pili alijifuta jasho akauliza, "Hili kaburi ni la nani? Nijue tu, nisije nikazikwa mimi." Meneja hakucheka. Alisema mbele ya watu kwamba ameshachoka na hekaya za madaftari, kwamba makao makuu wakiona ramani ile watatucheka, na kwamba huenda ni wakati wa kuyaweka madaftari pembeni na kumpumzisha mzee getini. Baba alisimama mikono nyuma. Alikuwa anautazama udongo uliochimbwa kwa macho yale yale ya nyuma ya duka la mikate.

Wiki hiyo hakula vizuri. Mama akaniuliza, "Baba yako ana nini?" Nikasema uchovu. Nilikuwa nimezoea sasa.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bomba kuu la nyuma ya zahanati lilipasuka. Tulipofika, maji yalikuwa yanaruka kupita paa, mazito, ya rangi ya udongo, yakishuka mteremko na kuingia moja kwa moja kwenye wodi ya wazazi. Wauguzi walikuwa wanabeba magodoro kichwani. Mama mmoja alikuwa amesimama juu ya kitanda, mtoto wake wa jana kifuani, anayatazama maji yakipanda kwenye miguu ya kitanda.

Valvu ya bomba lile ilikuwa kwenye barabara ya ghala, chini ya lami. Haikuwa imeguswa kwa miaka tisa. Isipopatikana, ilibidi kufunga kwenye tangi, na kufunga kwenye tangi ni kuukausha mji mzima, pamoja na hospitali kuu ambako watu walikuwa wamelazwa kwenye meza za upasuaji. Meneja alikuwa kwenye simu nao. Nilimsikia akisema, "Nipeni dakika kumi."

Dada Ramani akakimbia na kishikwambi mpaka nukta ya buluu ikalala juu ya nukta ya valvu. "Hapa." Sururu na wenzake wakavunja lami. Udongo. Mtaimbo ukazama bila sauti.

"Mzee Koki," Meneja akaita, na sauti yake haikuwa tena ya bosi. "Iko wapi?"

Valvu ile baba hakuhitaji kusomewa. Ilikuwa kichwani mwake tangu ujana. Akaenda kwenye kona ya ghala, akaupa kisogo mnara wa tangi, akahesabu kwa sauti. Watu wote wakamfuata kwa macho. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Akasimama. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo lile lile.

Kompyuta na baba walikuwa wamekubaliana, kwa sentimita, na wote wawili walikuwa wamekosea. Aliyewakosesha ni mimi.

Baba akalitazama shimo. Nilikuwa karibu, nikamsikia akisema, si kwa mtu, "Kumbe ni kweli. Kichwa kimeisha."

Sikumbuki nilivyofika kwenye ile kona. Nakumbuka ukuta ulivyokuwa wa moto mgongoni. Nikahesabu kwa sauti, kubwa, na nikaisikia sauti yangu ikitangulia mbele yangu kama ya mtu mwingine.

"Kivuli anaongea," Sururu akasema, kwa mshangao wa kweli.

Kisigino hadi kisigino, mwendo wa mtu anayekwenda kazini mapema. Nililipita shimo nikiwa hamsini. Nikaendelea. Sitini iliniangukia katikati ya barabara, mahali pasipo na alama yoyote, lami tupu inayong'aa. Nikavua ndara nikaiweka.

"Chimba hapa."

"Umejuaje, binti?" Meneja akauliza.

"Hatua za daftari ni hizi. Ni zangu." Sikuweza kumtazama baba. "Si zile alizopimwa uani."

Sururu hakungoja ruhusa; sururu yake ilikuwa hewani tayari. Lakini Dada Ramani alinishika mkono, akatupa tepu chini kando ya barabara. "Tembea ishirini. Upesi, ila usiharakishe." Nikatembea. Akainama akasoma: mita kumi na nne na sentimita arobaini. Akagawanya kwa kunong'ona. "Sabini na mbili. Si sitini. Sabini na mbili."

Akafuta namba moja kwenye kioo, akaandika nyingine. Namba moja tu. Kisha akakigeuza kioo ili nami nione.

Nukta zote zikasogea. Zote mia nne na kumi na moja, kwa wakati mmoja, kama ndege wanaoinuka shambani bila kuambizana. Kila moja ikaiacha kona yake ikaenda mbali kidogo, ikatulia. Mabomba yaliyojikunja yakanyooka. Mistari iliyokuwa inapishana ikakutana ncha kwa ncha. Barabara ya ghala ikanyooka, ya sokoni ikanyooka, mtaa wetu ukanyooka, na bomba lililokuwa linaishia ukutani kwa mtu likatoka likaungana na mwenzake upande wa pili. Ulikuwa mji mzima, mto wote na vijito vyake, umelala pale kiganjani kama mishipa ya mkono wa mtu hai. Nilikuwa nimebeba kitu kile miguuni kwa miaka bila kujua kina umbo. Dada Ramani naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Mlikuwa sahihi. Miaka yote. Mlikuwa sahihi hadi upana wa kiganja."

Nyuma yetu mtaimbo ukalia kang'.

Sururu akauchomeka ufunguo juu ya valvu, akaanza kuuvuta kulia. Baba, ambaye hakuwa amesogea pale shimoni, akasema, "Acha." Akaja akichechemea bila kuficha, akamsogeza. "Hii ni ya wale wa kwanza. Inafungwa kushoto. Ungeivunja shingo." Akaweka sikio kwenye mpini, akavuta kidogo, akasubiri. Akavuta tena, akasubiri. Meneja akamwambia, "Mzee, fanya haraka," naye akamjibu macho yakiwa yamefumbwa, "Maji yanayokimbia, ukiyafungia mlango ghafla, yanabomoa nyumba nyingine. Tulia, mwanangu." Na Meneja akatulia.

Kwenye kioo hakikuwepo chochote cha hayo. Kulia au kushoto, mizunguko mingapi, subira kiasi gani. Dada Ramani alikuwa amekaa chini barabarani, anatazama mikono ya baba kuliko nilivyowahi kumwona akitazama ramani. Ule mlingoti wa maji nyuma ya zahanati ukashuka usawa wa paa, ukashuka usawa wa dirisha, ukawa chemchemi, ukawa jasho la ardhi. Kukawa kimya. Ndani ya wodi, mtoto mmoja akaanza kulia, na nadhani wote tulicheka.

Kesho yake ramani ilitundikwa kwenye skrini kubwa ukutani ofisini kwa Meneja. Tuliitwa. Baba alisimama mbele yake amevua kofia. Alikuwa hajawahi kuuona mji wake. Alinyoosha kidole bila kugusa, akafuata bomba moja kutoka kwenye tangi hadi mtaani kwetu, akitaja majina ya wenzake waliolizika, wengi wao marehemu. Alitaja kumi na moja.

"Kumbe ni zuri hivi," alisema.

Meneja alikohoa. "Mzee wangu, yale niliyoyasema juu ya madaftari, uniwie radhi."

Dada Ramani akasogeza kiti. "Sasa mzee, ninakuhitaji wewe. Tazama, kila valvu nimeiwekea nafasi tupu. Inafungwa kulia au kushoto. Mizunguko mingapi. Ina tabia gani. Haya hayapo daftarini, wala popote pengine. Nitaandika utakavyosema. Tuanze na hii ya duka la mikate."

Baba alikaa. Akaiweka kofia magotini, akaanza kuizungusha.

"Tafuta mwingine," alisema.

"Hakuna mwingine, mzee."

"Basi acheni wazi. Nikisema kushoto, na ikawa kulia, kuna mtu atavunja valvu siku watu wanazama." Aliongea kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Jana nilisimama kwenye shimo tupu mbele yenu wote. Binti yangu anasema hatua ni zake. Lakini nilizihesabu mimi. Nakumbuka nilizihesabu mimi, nikamtajia, akaandika. Sasa ikiwa hata hilo nakumbuka vibaya, mtaniamini kwa lipi? Kichwa hiki kimeanza safari. Mama yangu alipita njia hii. Afadhali niondoke nikiwa bado najua mlango uko wapi."

Akasimama, akauchukua ule ufunguo wake mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaulaza juu ya meza ya Meneja. Chuma kiligusa mbao bila sauti kubwa. Dada Ramani alinitazama. Meneja alinitazama pia, na nilijua kwamba nikifungua mdomo mbele yake, lile neno la daktari litafunguka nalo, na kwamba baba atajua nimemdanganya kila siku ya kazi kwa miaka miwili, asubuhi na mchana, nikimtazama usoni. Nyuma yake nukta zote mia nne na kumi na moja zilikuwa zinawaka, kila moja na nafasi yake tupu.

Nikaenda nikasimama kati yake na mlango.

"Baba, kichwa chako hakijakosea hata siku moja. Ulizihesabu wewe, zote, na ulizihesabu sawasawa. Ni mguu. Tangu ulipoanguka hatua yako imefupika. Tano za zamani ni sita za sasa. Nilikuwa nabadilisha namba nikikusomea, na nikiandika, ili usijue. Kichwa chako ni kizima, baba. Niliogopa kukwambia kwamba unachechemea."

Baba akaitazama miguu yake, kisha yangu, akarudi mezani akauchukua ufunguo wake, akamwambia Dada Ramani, "Andika. Ile ya duka la mikate inafungwa kulia."